MAISHA YA RUDOLF SCHINDLER, DAKTARI ALIYECHUNGULIA TUMBONI

Katika toleo hili nimeona heri niwasimulie maisha ya mtu ambaye jina lake si geni kwa madaktari wa tumbo kote duniani, ingawa huku kwetu Githongo sijasikia mtu akilitaja hata siku moja. Huyo ni Daktari Rudolf Schindler. Tafadhali usimchanganye na yule Schindler wa filamu aliyewaokoa Wayahudi, wala usidhani ndiye aliyeanzisha kampuni ya zile lifti zenye jina hilo. Huyu wetu alikuwa daktari, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchungulia ndani ya matumbo ya watu walio hai.

Labda utauliza mbona nikamchagua yeye badala ya mwanasiasa au mwanariadha. Sababu ninayo. Huku kwetu mtu akishikwa na maumivu chini ya kifua, au akijaa gesi baada ya kula githeri, jibu huwa limeshapatikana hata kabla ya swali kuulizwa: ni alsa. Jirani atasema ni alsa, muuza dawa atasema ni alsa, hata abiria mwenzako kwenye matatu atasema hivyo. Basi mgonjwa hununua vidonge vya kupunguza asidi, akapata nafuu siku mbili tatu, akanunua vingine, na miaka inakatika hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyeliona hilo tumbo lenyewe. Schindler alikuta mambo kama hayo Ujerumani zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena yakiwa mabaya zaidi, kwa sababu wakati ule hata daktari aliyetaka kuliona tumbo hakuwa na njia nzuri ya kuliona.

Alizaliwa mjini Berlin tarehe 10 Mei mwaka 1888, katika familia yenye asili ya Kiyahudi. Kumbuka hilo la Uyahudi, maana litarudi kumwandama baadaye. Alisomea udaktari akahitimu, na muda si muda Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka mwaka 1914. Schindler akawa daktari wa jeshi. Askari walioletwa kwake hawakuwa na majeraha ya risasi tu. Wengi walilalamika tumbo: linachoma, halitaki chakula, linasokota. Chakula cha vitani unakijua mwenyewe, hakina mwenyewe. Schindler akaanza kushuku kwamba utando wa ndani wa matumbo ya watu hawa ulikuwa umevimba na kuharibika, ugonjwa ambao madaktari huuita gastritisi.

Lakini wapi! Madaktari wakubwa wengi wa siku zile hawakutaka kusikia habari ya gastritisi. Kwao lilikuwa neno la kumpa mgonjwa wakati daktari hana la kusema. Na walikuwa na hoja yao. Ugonjwa mwingi ulithibitishwa kwa kupasua maiti, na tumbo ni kiungo cha ajabu. Mtu akishakufa, ile asidi na vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula huanza kulisaga tumbo lenyewe. Baada ya saa chache utando umeharibika, na daktari anayetazama hawezi kujua kama uharibifu ule ulikuwapo mtu akiwa hai au umeletwa na mauti. Mdenmaki mmoja aitwaye Knud Faber alijaribu kulishinda tatizo hili kwa kutia fomalini ndani ya tumbo la maiti mara tu mtu anapofariki, ili lisijisage. Kwa njia hiyo aliona kweli kuna matumbo ambayo utando wake umekonda na tezi zake zimetoweka. Kazi nzuri sana hiyo, ila ilimfaa marehemu kidogo mno.

Schindler akaona dawa ya ubishi ni moja tu: kutazama ndani ya tumbo la mtu anayepumua.

Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1868 Mjerumani mwingine, Adolf Kussmaul, alimtafuta mwanasarakasi ambaye kazi yake ilikuwa kumeza upanga mbele ya watazamaji, akampa ameze bomba la chuma lililonyooka. Mmeza upanga alilimeza bila taabu, lakini mwanga wa kumulika ndani haukutosha na daktari hakuona cha maana. Kisha, wagonjwa wa kawaida si wameza upanga. Njia ya chakula ina kona zake, na bomba la chuma lisilopinda linaweza kutoboa koo au tumbo, na wakati ule kutobolewa hivyo kulikuwa karibu sawa na kuhukumiwa kifo.

Baada ya vita Schindler alifanya kazi mjini Munich. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alitengeneza gastroskopu yake ya kwanza, nayo ilikuwa ya chuma kilichonyooka, ila aliiwekea njia ya kupitisha hewa ili kusafisha kioo kikichafuliwa na ute. Alitazama matumbo mengi kwa chombo hicho. Mwaka 1923 akatoa kitabu kikubwa chenye picha za kuchorwa kwa rangi, kikionyesha tumbo zima lilivyo na tumbo gonjwa lilivyo. Ebu fikiri, hakukuwa na kamera ya kuingia tumboni. Alilazimika kuchungulia, kukariri alichokiona, kisha kichorwe. Kitabu kilisifiwa, lakini kilileta balaa pia. Madaktari wengine walikisoma wakaona mambo ni rahisi, wakajaribu bila ya mkono wake mwepesi, na wagonjwa wakatobolewa. Njia yenyewe ikaanza kuogopwa.

Mwingine angekata tamaa hapo akarudi kutoa dawa za kikohozi. Schindler alimtafuta fundi. Fundi huyo aliitwa Georg Wolf, mtengenezaji wa vyombo vya udaktari mjini Berlin, na hao wawili wakaanza kujaribu na kushindwa na kujaribu tena. Shida ilikuwa hii: mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, basi utapindaje bomba na bado uone? Jibu walilopata ni la kupendeza, na hata sisi wa Fizikia tunaweza kulielewa. Nusu ya juu ya bomba waliiacha ngumu. Nusu ya chini waliitengeneza ikaweza kupinda kiasi, na ndani yake wakapanga lenzi nyingi fupi fupi zilizokaribiana, zaidi ya 40 kwa jumla, kila moja ikiipokea taswira na kumpa mwenzake, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji nyumba ikiungua. Mwishoni pakawekwa balbu ndogo ya umeme na ncha laini ya mpira. Chombo hicho kilikamilika mwaka 1932. Hakikupinda kama kamba, la. Kilipinda kidogo tu, lakini hicho kidogo ndicho kilichotenganisha uhai na mauti.

Sasa ngoja nikueleze jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa maana hapa ndipo nilipompenda mtu huyu. Mgonjwa alikuja bila kula. Tumbo lilimwagwa kwanza kwa mpira, na koo likatiwa dawa ya ganzi. Alilazwa kwa ubavu wa kushoto. Kisha akaingia mtu ambaye vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu, mke wa Schindler aitwaye Gabriele. Kazi yake ilikuwa kushika kichwa cha mgonjwa. Usicheke! Kichwa kikiinama au kikigeuka, kinywa na koo havikai mstari mmoja, na bomba litagonga mahali pasipofaa. Bibi Gabriele alikishika kichwa kile kwa mikono yake, akikiinua na kukishusha bomba likiteremka, huku akimtuliza mgonjwa ambaye hangeweza kusema kitu wala kupiga kelele. Wengi waliotazama kazi ile waliona usalama wa mgonjwa ulikuwa mikononi mwake kama ulivyokuwa mikononi mwa mumewe. Hewa kidogo ilipulizwa ili tumbo litanuke, na kwa dakika chache daktari akawa anaangalia mahali ambapo jicho la mwanadamu halikuwa limezoea kufika.

Aliona nini? Tumbo zima lilikuwa na rangi ya waridi iliyokolea, linang'aa kwa unyevu na lina mikunjo. Tumbo lenye gastritisi ya juu juu lilikuwa jekundu, limevimba, na limegandwa na ute. Halafu kulikuwa na aina nyingine ambayo yeye aliieleza vizuri kuliko waliomtangulia: utando umekuwa mwembamba, rangi imefifia ikawa kama kijivu, mikunjo imepungua, na mishipa ya damu inaonekana wazi kama mishipa ya mkono wa mzee. Hiyo ndiyo gastritisi sugu ya kusinyaa. Tezi zinazotoa asidi zimekufa polepole, miaka nenda miaka rudi, na mahali pake hapajajazwa ipasavyo.

Wagonjwa wengi wa aina hii hawachomwi na asidi kupita kiasi, kwa sababu asidi yenyewe imepungua. Wengine hawana maumivu kabisa. Kwa hiyo mtu anayepima ugonjwa wa tumbo kwa maumivu peke yake atawaona hawa ni wazima, au atawapa dawa ya kupunguza kitu ambacho tayari ni haba. Ugonjwa wao hujitokeza kwingine: kuishiwa na nguvu, kupauka, ulimi kuuma na kuwa laini kama umepigwa pasi, miguu kufa ganzi. Hiyo ni dalili ya upungufu wa damu, na Schindler aliona kwamba watu wenye upungufu mbaya wa damu uliokuwa ukiua watu zama hizo walikuwa na matumbo yaliyosinyaa namna hiyo.

Hapa inanibidi nimtoroke Schindler kidogo. Mwaka 1926 madaktari wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa hao hupata nafuu wakilishwa maini mengi kila siku. Kwa nini maini? Mwenzao William Castle akafanya jambo ambalo wenye roho nyepesi wasilisome wakati wa chakula. Alikula nyama, akaiacha tumboni mwake karibu saa nzima, akaitapika, kisha akawapa wagonjwa kwa mpira. Damu yao ikaongezeka. Nyama tupu bila kupita tumboni mwa mtu mzima haikufanya kitu. Ndipo akajua tumbo zima hutoa kitu fulani kinachosaidia mwili kuchukua kirutubisho kutoka kwenye chakula, na tumbo lililosinyaa halikitoi. Kirutubisho chenyewe kilipatikana mwaka 1948 nacho ni vitamini B12. Siku hizi mgonjwa huchomwa sindano ya vitamini hiyo, na wengine hupewa vidonge vyenye kipimo kikubwa. Heri hiyo kuliko dawa ya Bwana Castle!

Turudi Munich. Chombo kilikamilika mwaka 1932, na Januari 1933 Hitler akashika madaraka. Mtu aliyekuwa akiheshimiwa na madaktari wa nchi nyingi ghafla akawa Myahudi tu mbele ya serikali yake. Schindler alikamatwa akatiwa kizuizini. Hakuwa ameua wala kuiba. Bahati yake ni kwamba kazi yake ilikuwa imevuka bahari, na kule Chicago kulikuwa na madaktari waliotaka kuijua, akiwemo Walter Palmer wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walimwalika, na mwaka 1934 yeye na jamaa yake wakaenda Marekani. Alikuwa na miaka 46, umri ambao wengi huku kwetu huwa wameshajenga na kutulia, naye ndiyo kwanza anaanza upya katika lugha ya watu.

Hakukaa kulia. Alitazama wagonjwa, na Bibi Gabriele akashika vichwa vya Wamarekani kama alivyoshika vya Wajerumani. Madaktari wakaanza kumiminika Chicago kujifunza. Nadhani alikuwa amejifunza kutokana na balaa lililofuata kitabu cha 1923, maana alisisitiza kwamba mtu asiguse chombo kile mpaka afundishwe na mjuzi. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha Kiingereza juu ya gastroskopi. Mwaka 1941 yeye na wenzake wakaunda chama cha madaktari wa kuchungulia tumbo, ambacho ndicho kilichokua kikawa chama kikubwa cha endoskopi cha Marekani hadi leo. Mwaka 1943 alihamia Los Angeles, na mwaka 1947 akatoa kitabu kizima juu ya gastritisi, ugonjwa ule ambao wakubwa zake walisema haupo. Baadaye alifundisha Brazil pia.

Si kwamba kila alichosema kilisimama. Chombo chake kilikuwa na sehemu za tumbo kisichoziona. Tena jicho peke yake hudanganya. Tumbo linaweza kuonekana jekundu na kumbe halina neno, au likaonekana sawa na kumbe tezi zimeanza kufa, na ndiyo maana siku hizi daktari hakati shauri mpaka achukue vipande vidogo vya utando vikatazamwe kwa hadubini. Na kubwa zaidi, hakujua kinachosababisha gastritisi nyingi duniani.

Mwaka 1957 chombo chake kilianza kupitwa na wakati. Daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani katika jimbo la Michigan, alitengeneza na wenzake bomba la nyuzi nyembamba za kioo ambalo lilipinda kweli kweli, naye mwenyewe akawa mtu wa kwanza kulimeza. Schindler alikuwa bado hai kuyaona hayo. Miaka ya mwisho alirudi Munich, mji uleule uliomfukuza, na akafia huko mwaka 1968 akiwa na miaka 80.

Jibu la kisababishi lilipatikana baada ya yeye kufa. Mwaka 1982 kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliotesha bakteria iliyojipinda ambayo huishi kwenye utando wa tumbo, leo ikiitwa Helicobacter pylori. Marshall aliinywa mwaka 1984 akapata gastritisi, na wawili hao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hii kwa kawaida huingia mtu akiwa mtoto, hukaa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu ndiyo inayosinyaza tumbo. Wengine husinyaa kwa njia nyingine, yaani kinga ya mwili inageuka na kuzishambulia seli za tumbo lake yenyewe.

Msomaji wa Githongo, hapo ndipo habari ya Mjerumani inapopanda mlima wetu. Tumbo lililosinyaa kwa miaka mingi linaweza kuzaa saratani. Si kila mwenye ugonjwa huu atapata saratani, wengi hawapati, tafadhali mtu asitoke hapa akitetemeka. Lakini madaktari waliohesabu wagonjwa wa upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya, wakiwemo wa Hospitali ya Chogoria hapo jirani, walichapisha mwaka 2001 utafiti ulioonyesha kwamba saratani ya tumbo katika sehemu hizi si ugonjwa wa nadra kama ilivyodhaniwa kuhusu Afrika. Na wengi wa wagonjwa wa saratani hii huja hospitalini wakati umeshapita.

Basi anayepimwa ipasavyo leo hufanyiwaje? Bakteria hutafutwa kwa kupima kinyesi au pumzi, au kwenye kile kipande cha utando. Ikipatikana, mgonjwa hupewa dawa ya kupunguza asidi pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14, na lazima azimalize zote, kisha apimwe tena kuhakikisha imekwisha. Kuacha siku ya tano kwa sababu tumbo limetulia ni kuifundisha bakteria kuzoea dawa. Damu hupimwa kuona kama B12 na madini ya chuma yamepungua, yakarudishwa. Tezi zilizokufa si rahisi kuzifufua, kwa hiyo aliyesinyaa sehemu kubwa ya tumbo hutazamwa tena kila baada ya miaka mitatu hivi, ili saratani ikianza ikutwe bado changa. Sigara huachwa na chumvi nyingi hupunguzwa. Na kuna dalili ambazo hazingojei vidonge vya duka hata kidogo: kukonda bila sababu, chakula kukwama, kutapika damu, au kwenda choo cheusi kama lami. Mzee aliyeanza kuugua tumbo uzeeni naye asingoje.

Anayemeza kamera leo halazimiki kushikwa kichwa na Bibi Gabriele, kwani mpira hupinda wenyewe na mara nyingi kuna sindano ya kumtuliza. Akimaliza hupewa karatasi ya ripoti. Humo huandikwa rangi ya utando, kama mikunjo ipo, kama mishipa inaonekana, na ni sehemu gani. Ni mambo yaleyale ambayo Schindler aliyachora kwa rangi mwaka 1923, ila sasa picha hutokea kwenye televisheni pale chumbani, na mgonjwa akitaka anaweza kuomba aonyeshwe.